Kadi ya Kipa na Maombi Nje ya Kiwanda

Jumapili, mwishoni mwa Aprili.

Kinachoshuka nje si mvua wala theluji. Kimekwama katikati, kama mimi. Marundo ya theluji ya zamani kando ya nyumba zetu hapa Brooklyn Park yamekuwa meusi kama makaa na hayataki kuyeyuka yaishe. Ni jioni, bado kuna mwanga. Moraa yuko juu anapiga pasi sare yake ya hospitali. Nasikia meza ya pasi ikilia kila anapogeuza nguo. Mimi niko chumba cha chini na albamu zangu, na kadi moja iliyokunjika.

Kwa anayesoma hapa mara ya kwanza: Moraa ni mke wangu. Majina yote nimeyabadilisha, hata lake. Kama unadhani unatujua, tafadhali nyamaza, kama nilivyonyamaza mimi.

Kunyamaza ndiko kulikonifikisha hapa.

Nianze mwanzo, maana nisipopanga mambo kwa utaratibu hayanikai kichwani. Nafanya kazi katika kiwanda kidogo cha maboksi kule Plymouth. Mimi ndiye ninayeyakagua kabla hayajatoka: kona, gundi, chapa. Kuna wakati oda zilizidi wakatuwekea shifti ya Jumapili, na nilienda kweli. Niliomba radhi kanisani, wakanielewa. Wakenya wa hapa wanaelewa neno moja kuliko yote, nalo ni kazi. Ukisema una harusi, watakuuliza ya nani. Ukisema unaumwa, watakuja kukuona na uji. Ukisema uko kazini, maswali yameisha. Unapewa pole.

Kisha oda zikapungua na shifti ya Jumapili ikafutwa. Jumapili iliyofuata niliamka kwa mazoea, nikavaa mavazi ya kazi, nikawasha gari. Nilipofika barabara kuu ndipo nilipokumbuka kwamba sina ninakokwenda. Sikugeuza. Nilienda mpaka Saint Paul, kwenye soko la vitu vikuukuu, lile lililo ndani ya jengo ambalo zamani lilikuwa duka la samani.

Sikumdanganya mtu siku ile. Hakuna aliyeniuliza.

Tangu hapo imekuwa hivyo. Moraa anaenda kanisani, mimi naenda "kazini".

Sijui kama naweza kueleza kwa nini. Simkimbii Mungu, naomba kila asubuhi ndani ya gari kabla ya kulizima. Ninachokimbia ni kuitwa. Kanisani mimi ni katibu wa kamati ya wanaume, mjumbe wa kamati ya mazishi, na mwenye pikapu ya kubebea viti. Kwenye simu mimi ni mtoto wa kwanza kwetu na shemeji mkubwa kwao Moraa, na makundi ya ukoo yananiamsha kabla ya jogoo ambaye hapa hatunaye. Sokoni sina cheo. Hakuna anayejua kuwa nina pikapu. Naingia, nafunga mikono nyuma, nazunguka meza zote bila kugusa kitu. Mzunguko wa pili ndipo ninapoanza kugusa. Hiyo ndiyo sheria yangu, na hakuna anayeihitaji isipokuwa mimi.

Nakusanya kadi za makipa. Makipa wa hoki ya barafuni tu. Nilidaka mpira shuleni, Voi, kwenye uwanja wa vumbi jekundu, na najua ilivyo kusimama golini wakati wenzako wote wako upande wa pili wanakumbatiana kwa bao. Barafu siijui. Viatu vyake sijawahi kuvaa. Lakini nikiona picha ya mtu amejikunja mbele ya wavu, kinyago usoni, namwelewa bila mkalimani. Wale mashuhuri, wanaowekwa ndani ya vioo na kuuzwa bei ya gari, siwatafuti. Natafuta wa timu za miji midogo, ambao hata watu wa hapa wameshawasahau.

Kuna seti moja iliyonisumbua. Zamani, kiwanda cha maziwa cha mji mmoja karibu na mpaka wa Kanada kilikuwa kikitoa kadi za wachezaji wa timu ya mji ule pamoja na maziwa. Nimewapata wote: washambuliaji, mabeki, kocha mwenye kofia ya manyoya, hata yule aliyekuwa akinoa vyuma vya viatu. Kipa hakuna. Gary, mzee anayeuza kwenye meza ya kona, aliniambia sababu. Watoto wa mji ule walimpenda kipa kuliko wote, kwa hiyo walibana kadi yake kwenye spoku za baiskeli zao ili ilie wakiendesha. Walimpenda mpaka wakammaliza.

Leo asubuhi Gary aliniona nikiwa bado kwenye mzunguko wa kwanza, mikono nyuma.

"Kipa," aliniita, maana jina langu jingine halijui. "Leo vunja sheria yako."

Akanisogezea boksi la viatu. Kadi zilitoka kwenye nyumba ya mtu aliyefariki, na watoto wake walitaka tu nyumba iwe tupu. Nilizipekua mpaka karibu na mwisho, na pale alikuwepo. Kijana mwembamba, kinyago amekisukuma juu ya kichwa, anacheka, jino la mbele halipo. Kona zote kali. Nyuma yake, tangazo la siagi.

Nikamshika kwa ncha za vidole, kama yai. Mtu mzima, baba wa binti aliye chuoni, napumbazwa na karatasi ya maziwa.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa Mzee Ombati, mwenyekiti wa wanaume kanisani, mtu ambaye hata mikrofoni ikiharibika ibada haisimami.

"Baba Mghoi! Bwana asifiwe! Uko kwa mashine?"

"Niko, mzee," nikasema. Gary akanitazama.

"Basi usishtuke. Tuko hapa nje."

"Nje wapi?"

"Nje ya kazi yako! Hapa Plymouth, kwa parking. Tumesema kama kazi imemfunga ndugu yetu, kanisa litamfuata hukohuko jela. Mama Mghoi ametuonyesha njia. Omba ruhusa kidogo, utoke, tukuombee, urudi."

Nikasema supavaiza wa leo ni mkali, labda siku nyingine.

"Hatuna haraka," akasema. "Chai tumebeba. Tutangoja mpaka wakupe lanchi."

Mtu wa hapa angeacha ujumbe akaenda zake. Watu wetu wakisema watangoja, watangoja. Tumelelewa kwenye mabenchi ya ofisi ya chifu. Kungoja kwetu si adhabu.

Nililipa bila kubishana bei, jambo ambalo halijawahi kutokea kati yangu na Gary. Alikuwa bado anainama kunitafutia kifuko kigumu cha plastiki nilipoitia kadi kwenye mfuko wa shati na kukimbia. Kila mkusanyaji anajua kadi haitembei uchi. Nami nilijua.

Kutoka upande ule wa Saint Paul mpaka Plymouth unavuka miji miwili mizima iliyopakana. Nilivuka Mississippi bila kuiona. Nilifikiria kusema nimetumwa tawi jingine. Hatuna tawi jingine. Nilifikiria kusema nimepelekwa kuchukua dawa. Moraa ni muuguzi, angeuliza dawa gani. Kila uongo niliojaribu ulihitaji mwingine wa kuushika, kama boksi lenye gundi mbaya.

Halafu wazo likanijia. Kiwanda kina mlango wa nyuma, nami nina beji.

Niliingia kwa barabara ya nyuma inayotumiwa na malori, ile yenye geti la kuingilia tu, nikaacha pikapu kando ya mapipa ya taka. Nikagusisha beji. Taa ikawa kijani. Sehemu fulani ya moyo wangu ilitamani iwe nyekundu.

Sijawahi kusikia kiwanda kile kikiwa kimya. Mashine zilikuwa zimefunikwa maturubai kama wagonjwa. Nikavaa neti ya nywele, miwani, fulana ya riflekta. Nikajitazama kwenye kioo cha choo: nilifanana kabisa na mtu aliye kazini. Halafu nikafungua bomba, nikajinyunyizia maji kwenye paji la uso ili yaonekane jasho.

Hilo la maji ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nikatokea mlango wa mbele. Walikuwa wamesimama chini ya miavuli, kamati yangu yote, na Moraa mbele amekumbatia hotpoti ya chakula. Maegesho yalikuwa matupu. Magari yao tu.

"Ala! Na magari ya wenzako?" mmoja akauliza. "Ama mnaletwa na lori kama ng'ombe?"

"Wameegesha nyuma," nikasema.

"Wamewafungia kama kuku wa layers!" Mzee Ombati akadakia. "Taa imewashwa usiku na mchana, nyinyi ni kutaga tu, kutaga tu!"

Walicheka mpaka miavuli ikatikisika. Nami nilicheka. Moraa hakucheka. Alitazama yale maegesho. Alitazama paa, ambako siku za kazi mvuke haukatiki. Kisha akanitazama mimi, akatoa leso, akanifuta yale maji pajini taratibu, kama unavyomfuta mtoto kabla ya kupigwa picha. Leso akairudisha mfukoni.

Wakanizunguka. Mzee Ombati akaniwekea mkono kifuani, akafumba macho, na sauti yake ikaenda mpaka upande wa pili wa barabara.

"Bwana, huyu ni ndugu yetu! Siku yako wamemnyang'anya! Mfungulie mlango huu ambao wanadamu wameufunga!"

Kila alipotaja mlango, alinikandamiza. Nikasikia. Mtu mwingine asingesikia. Kadi ikikunjika hailii kwa nguvu kuliko ukucha unaovunjika. Lakini nilisikia, na nilijua imekunjika wapi.

"Amina," wakasema. Nadhani amina yangu ndiyo iliyotoka na uchungu kuliko zote.

"Sasa tega sikio," Mzee Ombati akaendelea, bado amenishika bega. "Hatukuja mikono mitupu. Mpwa wangu ni mkubwa mahali wanatengeneza mipira ya hospitali, ile ya dripu, hapo tu karibu na kwenu. Wanataka mtu wa kukagua. Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumapili hawajui hata inaitwaje! Jumatano unaenda kuonana nao. Nimemwambia, huyu ninayekuletea ni mtu wa kweli."

Wakapiga makofi. Moraa naye alipiga, polepole.

Kazi ni nzuri. Ni karibu na nyumbani. Hakuna sababu hata moja ya kuikataa ambayo naweza kuitamka mbele ya watu.

"Haya rudi, rudi! Usije ukafutwa kwa ajili yetu!"

Moraa akanipa hotpoti. Nikaingia, na mlango ukajifunga nyuma yangu kwa ule mlio wake.

Nilidhani wataondoka. Hawakuondoka. Kutoka dirisha la chumba cha mapumziko, ambalo kwa nje ni kioo cheusi, niliwaona wakifungua buti la gari, wakitoa chupa za chai na vikombe. Mmoja akaanzisha wimbo. Geti la nyuma halifunguki kwa anayetoka, na njia ya kutokea inazunguka jengo na kupita mbele yao. Nikaketi.

Watu walikuja kuniombea nitoke kifungoni, na kwa sababu yao sikuweza kutoka.

Nikafungua hotpoti. Chapati na ndengu, za moto bado. Alizikanda jana jioni alipotoka shifti, nilimwona, nikamwambia aache apumzike, akasema kesho mtu anakula kazini. Nilikula. Sikuwa na la kufanya jingine. Kisha nikatoa kadi. Mkunjo unapita kutoka bega mpaka kwenye lile tabasamu lenye pengo. Kijana wa watu, alinusurika baiskeli za mji mzima akaja kuvunjwa na maombi.

Niliponyanyua macho, Moraa alikuwa amejitenga na wenzake. Alitembea kando ya ukuta bila mwavuli mpaka kwenye pembe ya jengo, akachungulia nyuma. Ukisimama pale unaona mapipa ya taka na gari moja. Pikapu tuliyoinunua pamoja, yenye kibandiko cha chuo cha Mghoi kwenye kioo.

Alisimama pale, kile kisicho mvua wala theluji kikimnyeshea.

Kisha akarudi. Nikaona midomo yake ikimwambia Mzee Ombati kitu kifupi, naye akaitikia kwa kichwa kwa heshima, na muda si muda chupa zikafungwa, miavuli ikakunjwa, magari yakaondoka. Gari alilopanda Moraa lilikuwa la mwisho. Hakugeuka kutazama dirisha.

Sijui aliwaambia nini. Ninachojua ni kwamba alinifungulia njia.

Nilipofika nyumbani alikuwa jikoni. Nikaweka hotpoti kwenye sinki, akaiosha, akaipangusa, akaipandisha kabatini, yote bila kunitazama. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ndogo anayoongea nayo na wagonjwa:

"Baba Mghoi, Jumapili ijayo nikuletee chakula mlango wa mbele ama wa nyuma?"

Nilifungua mdomo.

"Usinijibu saa hii," akasema. "Nina hasira. Sitakusikia vizuri."

Akaenda kuwasha pasi. Nami nikashuka huku.

Nimekaa na swali lake tangu wakati huo. Nilizoea kujiambia kwamba sikumdanganya mtu, nilinyamaza tu. Leo nimeona nani alikuwa akisema nilipokuwa nimenyamaza. Kila Jumapili ameketi kando ya kiti kitupu. Kila Jumapili mtu ameinama akamwuliza, Mama Mghoi, mzee yuko wapi, naye ameniombea radhi na kuniombea nguvu, akiamini. Leo, pale mvuani, alilazimika kunitetea akijua. Mimi nilipata pahali pasipo na mtu wa kuniita. Yeye aliitwa mara mbili, kwa jina lake na kwa langu.

Na sijawahi kumwuliza angependa Jumapili yake iweje. Labda kanisa. Labda kulala mpaka jua liwake. Sijui. Naijua idadi ya makipa waliocheza msimu mmoja tu, na hilo silijui.

Jambo linalonitisha ni hili. Jumatano naweza kwenda kwa mpwa wa Mzee Ombati, nipate kazi, nirudi kanisani nikiwa nimefunguliwa, watu waimbe. Hakuna atakayejua. Hata Moraa, kwa vile ninavyomfahamu, anaweza kuosha jambo hili na kulipandisha kabatini kama ile hotpoti. Njia ipo, na ni pana. Ila nikipita pale nitakuwa kila siku naingia mlango mmoja na kutokea mwingine, nyumbani kwangu, paji limelowa maji.

Wala sitaki kuipoteza Jumapili yangu. Naandika hilo pia, kwa kuwa leo nimeamua kuandika yote. Pengine nusu yake. Pengine siku nyingine ya juma. Pengine nimwambie Mzee Ombati atafute katibu mwingine na mwenye pikapu mwingine. Sijui ataniitaje baada ya hapo.

Nimemtia kipa kwenye kifuko kigumu, kikiwa kimechelewa, nikampa nafasi yake kwenye albamu. Seti imetimia. Nilidhani siku hii ikifika nitaruka. Mkunjo unaonekana hata kwa mwanga huu mdogo, na bado anacheka.

Pasi imenyamaza huko juu. Nasikia akikunja meza.

Nikingoja asubuhi, nitakuwa nimepata uongo mwingine wenye kona nzuri zaidi. Alisema nisimjibu saa hiyo, na saa hiyo imepita. Naichukua albamu, napanda nayo.

Mlango wa nyuma, Moraa. Nitaanzia hapo.